Tenby: bandari ya Wales ambayo safari yake huanzia kwenye jedwali la maji

Aliyekulia Lamu, Bagamoyo au Unguja hahitaji kufundishwa kusoma bahari akifika Tenby. Atakachohitaji ni kubadilisha vipimo. Mji huu wa Pembrokeshire, kusini-magharibi mwa Wales, una wakazi wasiofika 5,000, ukuta ulioanza kujengwa karne ya 13, bandari ya mawe, na fukwe ambazo asubuhi zipo na jioni huzioni. Wageni wengi hutafuta kwanza chumba na tiketi ya treni, halafu wakifika wanashangaa kukuta boti zimelala mchangani, au kisiwa walichokiona pichani kimezungukwa na maji na hakuna pa kupita. Tafuta kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa la wiki unayoitaka. Tarehe za chumba zitafuata.

Unguja, bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mpevu) likiwa kubwa, maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Tenby bamvua la kawaida ni kama mita 7 na nusu. Sababu ni umbo la bahari yenyewe. Tenby iko kwenye mdomo wa Mlangobahari wa Bristol, ambao upande wa Atlantiki ni mpana na wenye kina, na kadiri unavyoelekea mashariki unazidi kubanwa na kina kupungua. Maji yanayosukumwa humo yakikosa pa kutawanyikia, hupanda. Karibu na mji wa Bristol tofauti hupita mita 12, nayo ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani.

Saa nazo ni tofauti. Unguja, siku za bamvua, maji hukupwa kama saa nne asubuhi, na ndiyo sababu wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani huonekana shambani muda huo. Tenby bamvua hukupwa mchana, takriban kati ya saa sita na saa nane, na hujaa alfajiri na jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: mchana ndipo maji yanapokuwa juu, ingawa hayafiki mbali. Kwa hiyo hata kabla ya kufungua jedwali, kalenda ya mwezi inakutosha kupanga. Mwezi mwandamo au mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni siku za kutembea mchangani mchana, kuzunguka majabali na kuingia mapangoni. Mwezi ukiwa nusu, njoo upige picha za bandari iliyojaa, boti zikielea chini ya nyumba za rangi ya waridi, njano na samawati. Mwenye siku moja tu achague mapema anataka Tenby ipi.

Jedwali lina mitego mitatu. Wa kwanza ni saa. Majedwali mengi huchapishwa kwa saa za Greenwich mwaka mzima, wakati Uingereza yote husogeza saa mbele kwa saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Usipoongeza saa hiyo, kila hesabu yako ya kiangazi itakuwa nyuma kwa saa nzima. Soma juu ya ukurasa uone limeandikwa kwa saa ipi. Wa pili ni mahali. Ukikosa jedwali la Tenby utapewa la Milford Haven, bandari kubwa iliyo jirani. Saa zake zinakaribiana sana na za Tenby, lakini vimo havilingani, kwa kuwa Tenby maji hupanda juu zaidi. Wa tatu ni hali ya hewa. Jedwali hukokotolewa kwa mwezi na jua, halijui upepo. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ikishuka kwa hektopaskali 1 (kipimo cha watabiri wa hewa), bahari hupanda kama sentimita 1, hivyo tufani ya kweli inaweza kuongeza sentimita 30 au zaidi juu ya namba iliyochapishwa, na upepo unaovuma kuelekea nchi kavu ukaongeza nyingine.

Halafu kuna mwendo wa maji. Wavuvi na manahodha wa huku hutumia kanuni ya sehemu 12, nayo inafaa kuikariri. Tangu maji yakupwe hadi yajae ni saa sita na kidogo. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1 kati ya 12, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Weka namba za bamvua la mita 7.5: saa ya kwanza unapata sentimita 60 tu na kuona kama bahari imelala; saa ya tatu pekee ni karibu mita 1.9, yaani mtu mrefu kutoka unyayo hadi utosi. Wanaonaswa si watu wasioogopa bahari. Ni watu walioitazama saa ile ya kwanza wakadhani ndiyo kasi yake.

Mahali pa kuyaona haya kwa macho ni Castle Beach, ufukwe mdogo chini ya kilima cha ngome. Mbele yake kimesimama Kisiwa cha St Catherine, jabali la mawe ya chokaa lenye mapango chini yake na ngome ya mawe juu yake. Ngome hiyo ilijengwa kati ya 1867 na 1870, Uingereza ilipokuwa ikihofia kuvamiwa na Ufaransa, ili kuilinda bandari ya kijeshi ya Pembroke Dock. Hofu ilipita bila vita. Baadaye ikawa nyumba ya kuishi, na katika karne ya 20 ikawahi hata kuwa bustani ya wanyama. Maji yakikupwa unavuka kwa miguu, mchanga mgumu, hatua chache tu. Kuingia ndani ya ngome ni jambo jingine: hufunguliwa kwa tiketi, siku na saa zinazoruhusiwa na maji, hivyo uliza kabla ya kupanda basi. Ikifungwa, kulizunguka jabali kwa chini kunatosha kwa safari.

Vuka maji yakiwa bado yanakupwa, ndani ya saa mbili kabla ya kufika chini kabisa, na uwe umerudi kabla ya saa moja kupita tangu yaanze kujaa. Kanuni hii ni kali kuliko ambavyo wenyeji wangekuambia, na naishikilia kwa sababu ya jambo moja: huo mchanga unaovukia una bahari pande zote mbili. Maji hayaji kutoka mbele yako uyaone yakikukaribia; yanazunguka jabali kushoto na kulia, yanakutana nyuma yako, kwenye njia ya kurudia. Aliyeko pangoni akipiga picha hajui lolote mpaka atoke. Ukinaswa usijaribu kuvuka kwa miguu maji yakishafika magotini, maana mkondo wa hapo unavuta. Panda juu ya jabali kadiri uwezavyo, piga simu 999 au 112, uombe walinzi wa pwani. Kituo cha boti za uokoaji kiko upande wa pili wa kilima. Jengo jipya ni la 2005. Lile la 1905 lililo jirani sasa ni nyumba ya mtu binafsi.

Kutoka Castle Beach zunguka kilima uingie bandarini, ikiwezekana maji yakiwa chini. Bandari hii ya Tenby hukauka kabisa. Hakuna lango la kuzuia maji, hakuna bwawa; boti zote hukaa chini mara mbili kila siku, na muundo wake umefuata jambo hilo. Tazama chini ya mashua. Nyingi zina mikuku (uti wa chini wa boti) miwili, mmoja kila ubavu, na hukaa wima mchangani zenyewe. Zenye mkuku mmoja wenye kina hufungiwa miguu ya mbao au chuma ubavuni, kazi ileile ya miti inayoegemezwa kwenye majahazi yetu yakipwelewa. Angalia pia minyororo: boti hufungwa omo na tezi, kwa sababu ikifungwa omo peke yake itazunguka kila maji yanapogeuka na kumkalia jirani. Kamba za gatini huachwa ndefu sana. Nahodha mgeni anayefunga kamba fupi maji yakiwa juu, kisha akaenda kula, hurudi akakuta boti yake inaning'inia ukutani na vikingi vya kamba vimeng'oka.

Mchanga wa bandari unaruhusiwa kutembewa, lakini minyororo iliyofukiwa nusu huwakwaza wengi, na sehemu zenye tope karibu na gati zinateleza. Vaa viatu vilivyofungwa. Kanisa dogo la mawe lililoko hapo chini, la St Julian, lilijengwa karne ya 19 kwa ajili ya wavuvi.

Bandari ndiyo iliyoulisha mji huu. Katika Zama za Kati meli za Tenby zilipeleka sufu na vitambaa Ufaransa na Rasi ya Iberia, zikarudi na divai na chumvi. Inasimuliwa kuwa machungwa ya kwanza kuonekana Wales yaliteremshwa hapa na Wareno mwaka 1566, miaka 27 kabla ya Wareno haohao kuanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa. Nyumba ya mfanyabiashara wa enzi hizo bado imesimama kwenye kichochoro cha Quay Hill, hatua chache kutoka gatini: orofa tatu za mawe, jiko chini, choo cha ukutani kinachomwaga moja kwa moja, na bomba kubwa la moshi. Inatunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, inatembelewa kwa tiketi, na nusu saa inatosha. Sakafu za juu ni nyembamba na ngazi ni kali, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu abaki chini. Jiko ndilo lenye mengi ya kuona.

Ukuta nao usiupite haraka. Tenby ilivamiwa na wakuu wa Wales mara tatu, 1153, 1187 na 1260, na baada ya uvamizi wa mwisho, wa Llywelyn ap Gruffudd, ndipo ukuta wa mawe ulipojengwa. Mwaka 1457 Jasper Tudor, bwana wa Pembroke, alikubaliana na wakuu wa mji kuuinua na kuupanua, njia ya juu iwe na upana wa futi 6 ili askari wapishane. Simama South Parade, upande wa nje, utazame juu: kuna safu mbili za matundu ya mishale, moja chini na nyingine juu. Safu ya chini ni ya ukuta wa kwanza, ya juu ni ya nyongeza. Lango linaloitwa Five Arches liko hapohapo. Lilijengwa kwa umbo la nusu duara lenye mlango mmoja. Matao mengine yalitobolewa baadaye kupitisha watu na magari. Karne ya 19 halmashauri ilitaka kulibomoa, na daktari wa mji, George Chater, akaenda mahakamani kulizuia. Malango mengine ya mji hayakupata mtetezi.

Jasper Tudor anarudi tena kwenye hadithi mwaka 1471. Upande wake uliposhindwa vitani, alikimbilia Tenby na mpwa wake Henry, kijana wa miaka 14, wakafichwa na Thomas White, mfanyabiashara wa divai aliyekuwa meya, kisha wakavushwa baharini hadi Brittany. Miaka 14 baadaye Henry alirudi na jeshi, akatua si mbali na hapa, akawa Mfalme Henry VII. Kaburi la White, lenye sanamu yake ya jiwe, liko ndani ya kanisa la St Mary katikati ya mji. Humo humo kuna kumbukumbu ya mtu ambaye mimi ningempa nafasi kubwa kuliko wafalme: Robert Recorde, mzaliwa wa Tenby, ambaye mwaka 1557 alichapa kitabu cha hesabu na kutumia kwa mara ya kwanza mistari miwili sambamba kama alama ya sawasawa. Alisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Mwaka uliofuata alifia gerezani London akidaiwa. Kila mtoto wa darasa la kwanza, Kigoma au Kisumu, anaandika alama ya mtu huyu, na kuingia kanisani kumtazama hakuna kiingilio.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuzingirwa mwaka 1648 na tauni iliyofuata, mji ulianguka na kubaki magofu kwa zaidi ya karne. Uliinuliwa na fedha za India. Sir William Paxton, aliyetajirika Bengal, alianza kununua majengo hapa mwanzoni mwa miaka ya 1800, akajenga nyumba za kuogea maji ya bahari kwa ajili ya matajiri, kwa kuwa vita na Napoleon vilikuwa vimewafungia njia za Ulaya. Nyumba yake ya kuogea, Laston House, bado iko Castle Square, na juu ya mlango kuna maneno ya Kigiriki yanayosema bahari huosha maovu yote ya binadamu. Treni ilifika 1863. Nyumba ndefu za rangi ambazo leo watu huzipiga picha nyingi ni za wageni wa enzi hizo.

Kuhusu kuoga: bahari hapa mwezi Agosti hufika kama nyuzi 17 za Selsiasi, na Machi hushuka hadi 8 hivi. Aliyezoea maji ya nyuzi 27 atapigwa na baridi ambayo hukata pumzi; kifua huvuta hewa chenyewe kwa nguvu, na kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, mtu hunywa bahari. Hata muogeleaji hodari. Ingia polepole, lowesha shingo na uso kwanza, usiruke. Ukianguka, lala chali uelee bila kupambana. Dakika moja au mbili pumzi hurudi. Oga kati ya bendera za nyekundu na njano, ambako waokoaji wa ufukweni hulinda miezi ya kiangazi. Nyeusi na nyeupe ni eneo la mbao za mawimbi. Nyekundu tupu, usiingie.

Safari ya Kisiwa cha Caldey ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Kiko kusini mwa mji, dakika 20 kwa boti, na ni kisiwa cha watawa. Watawa walikuwapo tangu karne ya 6. Abasia ya sasa, yenye kuta nyeupe na paa jekundu, ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu 1929 inakaliwa na Watrapisti, shirika la watawa Wakatoliki, waliotoka Ubelgiji. Boti huenda Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia majira ya Pasaka hadi Oktoba, hali ya hewa ikiruhusu. Jumapili hakuna. Tiketi hununuliwa kwenye kibanda juu ya bandari, na hapo ndipo wengi hukosea: boti haiondokei mahali pamoja. Maji yakiwa juu huondokea bandarini. Yakiwa chini huondokea Castle Beach, kwa daraja la magurudumu linalosogezwa na trekta kufuata maji. Unaweza kuondokea bandarini asubuhi na kurudishiwa Castle Beach alasiri. Kwa hiyo mwenye kigari cha mtoto ajiandae kukibeba mchangani na kupanda ngazi nyingi.

Ukiwa Caldey usiishie kwenye duka la chokoleti na manukato, ingawa vyote hutengenezwa kisiwani na vinafaa kwa zawadi. Panda barabara hadi kanisa la zamani la Old Priory, lenye mnara ulioinama na jiwe la kale lililochongwa maandishi ya Ogham, alfabeti ya kale ya Waayalandi, na ya Kilatini. Endelea hadi mnara wa taa wa 1829. Saa tatu kisiwani ni kiasi kizuri. Uliza boti ya mwisho kabla hujaondoka gatini, kisha panda ile inayoitangulia, maana ya mwisho daima ina foleni.

Kufika Tenby kwa treni ni rahisi: kutoka London Paddington hadi Swansea ni kama saa 3, kisha treni ya Transport for Wales, karibu saa mbili nyingine. Kutoka Swansea kaa upande wa kushoto; kuanzia Kidwelly hadi Ferryside reli inapita ukingoni mwa maji. Kwenye kipande cha mwisho cha njia hii treni hupita kama kila baada ya saa mbili, Jumapili chache zaidi, hivyo ukiikosa moja umepoteza nusu ya mchana. Kwenye vibao utaona Dinbych-y-pysgod, jina la Tenby kwa Kiwelisi, ni hapohapo. Mwenye gari asilete ndani ya ukuta Julai na Agosti, kwani mitaa hufungwa kwa magari kuanzia saa tano asubuhi hadi jioni. Visa ni ya Uingereza, Wales haina yake. Pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zinaihitaji, ya Oman huomba kibali cha mtandaoni tu.

Mei, Juni na Septemba ni bora kuliko Agosti, shule zikiwa hazijafungwa na vyumba vikiwa na bei ya kueleweka. Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku, Desemba saa kumi na dakika kidogo. Chipsi na samaki zipo kila kona. Asiyekula mafuta ya wanyama aulize kabla ya kuagiza, kwani baadhi ya maduka hukaangia ya ng'ombe, na asile akitembea bandarini, shakwe wa hapa hunyakua mkononi.

Ukibakiwa na alasiri moja maji yakiwa chini, tembea South Beach hadi mwisho, kilomita mbili na zaidi za mchanga, kisha panda rasi ya Giltar kwa njia ya miguu ya pwani ya Pembrokeshire, yenye jumla ya kilomita 299. Pale juu kuna uwanja wa shabaha wa jeshi. Bendera nyekundu ikipepea wanapiga risasi za kweli na njia ya ukingoni imefungwa. Fuata vibao vya kuzungukia Penally, ambako kuna kituo cha treni. Treni husimama pale kwa kupungiwa mkono, kwa hiyo simama mahali dereva atakapokuona mapema.